Matrena wa jimu acheni kuwapandishia watu mzigo wa skwati bila vyuma vya kudakia, mtaua mtu!

Wakuu habari zenu, leo nimekuja na hasira kabisa mnivumilie.

Jimu ninayopigia tizi hapa Dar, jina naliacha, tunalipa elfu themanini kwa mwezi, AC ipo, vioo ukuta mzima, spika zinapiga amapiano toka asubuhi. Raki ya skwati, yani ile stendi ya kuwekea chuma unachobeba mabegani ukichuchumaa na kusimama, ni moja na ni raki ya maana, ina matundu toka chini mpaka juu unapandisha na kushusha unavyotaka. Sasa vile vyuma viwili vya pembeni vya kudakia mzigo ukikushinda havipo kwenye raki, viko koridoni karibu na choo, wamevilaza juu ya matofali wanaanikia mataulo na tambara la kudekia! Nimeuliza mapokezi naambiwa vinawabana watu wa mabega. Nimemuuliza trena ananiambia "kaka hivyo ni vya wanaoanza". Chuma kimetengenezwa kizuie mtu asivunjike shingo halafu kinaanika tambara.

Wiki iliyopita ndo nikachoka kabisa. Kuna dogo mmoja wa chuo, mpole, anasikiliza kila anachoambiwa. Juzijuzi tu alikuwa anahangaika na kilo themanini, trena kamuwekea mia na ishirini, kasimama nyuma yake mkono mmoja kamshika ubavuni mkono mwingine ana simu anarekodi. Dogo kashuka, magoti yakaingia ndani, visigino vikanyanyuka, akakwama chini hapandi wala hashuki, trena anapiga kelele "moja tu, moja tu!" na chuma kimeshaanza kubingirika kutoka mgongoni kinapanda shingoni. Ikabidi mimi na jamaa mwingine tukimbilie huku na huku tunyanyue. Upande wa kushoto hakukuwa na klipsi ya kuzuia pleti za uzito zisitoke, pleti ikachomoka ikadondoka karibu kabisa na mguu wa dada mmoja aliyekuwa anafanya lanji, lile zoezi la kupiga hatua na kukunja goti, na ikishachomoka ya huku ya kule nayo inabinuka. Dogo katoka pale akitaka kuangalia pembeni anageuka mwili mzima. Trena kasema "ndo ukubwa huo", video akaweka status.

Na msiseme natia chumvi. Julai 2023 kule Bali, Indonesia, Justyn Vicky, mtu wa miaka 33 ambaye kufundisha mazoezi ndo ilikuwa kazi yake, alishuka na kilo 210 hakupanda, chuma kikamkandamiza nyuma ya shingo ikavunjika, akafariki. Na alikuwa na mtu nyuma anamsaidia! Mtu mmoja aliyesimama nyuma yako hawezi kunyanyua kilo mia na ishirini kwa kukushika mbavu, hiyo nguvu anaitoa wapi? Ndo maana kwenye mashindano ya shirikisho la kimataifa la powerlifting, yani kunyanyua vyuma vizito, IPF, sheria inataka wasaidizi wasiopungua wawili na wanaweza kufika watano, na kazi yao ni kukamata chuma, sio kukumbatia mtu. Halafu wadada wengi humu mtakuwa mashahidi, kukumbatiwa huko kwa kisingizio cha kusaidia ni malalamiko mengine yanayotaka uzi wake.

Kuvipanga vile vyuma ni kazi ya dakika mbili. Unaingia na chuma kitupu ambacho chenyewe ni kilo 20, unashuka mpaka mwisho wako, mtu anaangalia chuma kimefika wapi, unaweka vya kudakia chini kidogo ya hapo, basi. Mzigo ukikushinda unaendelea kushuka taratibu unauacha pale unatoka mbele. Kama jimu yako haina kabisa basi uweke watu wawili, mmoja kila upande, wanyanyue kwa pamoja, na mkubaliane kabla ya kuanza neno gani ukilitamka wanadaka. Na ile ndoano inayoshika chuma iwe usawa wa katikati ya kifua chako, sio unasimamia vidole kukitoa kwa sababu jamaa mrefu alipita kabla yako na trena ameona uvivu kuishusha.

Halafu mafundisho yenyewe sasa. Kila trena anaimba wimbo mmoja, goti lisivuke kidole, goti lisivuke kidole. Nani kawaambia? Kuna utafiti wa 2003 Marekani, waliwapimia watu skwati mara mbili, mara ya kwanza huru, mara ya pili wamewekewa ubao mbele ili goti lisipite kidole. Mzigo kwenye goti ulipungua kweli, kutoka kama 150 hadi 117 kwa kipimo cha nyutoni mita, ila kwenye nyonga ulitoka 28 ukaruka mpaka 302! Maana yake unamzuia mtu goti, anainama mbele, mzigo wote unahamia nyonga na kiuno, halafu mnashangaa watu wanatembea wameshika viuno. Mwenye mapaja marefu goti lake litapita kidole tu, hilo ni umbo lake. Cha kumwangalia ni kisigino kisinyanyuke, goti lifuate uelekeo wa kidole cha mguu lisiingie ndani, na mgongo usikunjike akifika chini.

Pumzi ndo hawafundishi kabisa, ukiuliza unaambiwa "vuta ukishuka toa ukipanda", wamemaliza. Kwa uzito mkubwa hiyo haitoshi. Unavuta hewa mpaka tumboni ukiwa bado umesimama, unakaza tumbo pande zote kama mtu anataka kukupiga ngumi, unashuka nayo, unapanda nayo, unaiachia ukishavuka pale pagumu. Ile presha ya tumboni ndo inashikilia uti wa mgongo. Na mkanda ule wa kiunoni unafanya kazi kwa sababu tumbo lina kitu cha kusukumia, ukiuvaa na tumbo limelegea umevaa urembo. Ila mwenye presha ya kupanda asibane pumzi hivyo kabla hajaongea na daktari, na sijawahi kumsikia trena hata mmoja pale anamuuliza mtu kama ana presha.

Na hii tabia ya kushindana uzito! Mtu anapakia kilo 140 anashuka shibiri moja anarudi juu, wenzake wanapiga makofi. Kwenye mashindano nyonga isiposhuka chini ya usawa wa juu ya goti haihesabiwi. Mshusheni hadi sitini ashuke kamili, aongeze kilo mbili na nusu akiona ya mwanzo imekaa sawa, atafika tu. Pleti zenyewe nusu ni za kilo nusu ni za ratili na maandishi yamefutika, dada wa watu anaambiwa hii ni 25 anajua kilo kumbe ni ratili, yani kilo 11 na kidogo, upande mwingine wamemuwekea 25 ya kilo kweli. Chuma kinalalia upande mmoja, anaambiwa hana balansi.

Wale vijana wa jimu za mtaani wanaobeba zege na magurudumu ya gari mnawadharau, lakini ile ya uswahilini nilikoanzia mimi mafundi walichomelea stendi ya skwati ina vyuma vya kudakia pande zote mbili, kwa nondo tu. Hawana AC, hawana vioo, ila hilo walilijua. Nyie mnachukua elfu themanini na vyuma mnavyo tayari mmevitupa koridoni!

Mmiliki kama unapita humu, utajijua. Vile vyuma virudi kwenye raki, klipsi zinunuliwe, pleti ziandikwe upya kwa rangi, na yule trena asimguse mteja mwenye mzigo begani akiwa ameshika simu. Mimi hela ya mwezi ujao silipi mpaka nivione vimerudi, na wenzangu kadhaa wa zamu ya jioni tumeshaongea.

Wadau wa Sinza, Mwenge, Kijitonyama, kama kuna jimu mnaijua ina raki iliyokamilika na trena anayejua kazi yake, tupieni hapa na bei ya mwezi.