Mavazi ya jioni melini: Cunard, P&O, Celebrity au Norwegian kwa wazee wasiopenda tai?

BintiTanga_Reading

Habari zenu wanajamvi. Wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa mwakani na kiangazi watakuwa kwetu huku Uingereza. Sisi watoto tumechanga tuwapeleke safari ya meli, usiku 7, kutoka Southampton mpaka fiordi za Norway (ghuba nyembamba zilizozungukwa na milima) na kurudi. Bei tumeshazilinganisha mpaka macho yanauma. Kinachotugawa sasa ni nguo za jioni.

Baba ni mtu wa kanzu. Suti anayo moja, ile aliyoagwa nayo kazini, na tai huwa anaivua kabla hajafika kwenye gari. Mama kinyume chake. Akisikia kuna usiku wa kupendeza, fundi atapigiwa simu leo leo.

Kampuni za meli ni nne, na nilivyoelewa mpaka sasa: Cunard (tunaangalia meli yao ya Queen Anne) bado wameshikilia usiku wa gala, yaani wa mavazi rasmi, wa kweli kweli. P&O wameacha jina la "Black Tie" (suti nyeusi na tai ya kipepeo) na sasa wanauita usiku wa sherehe. Celebrity walifuta usiku rasmi tangu 2015 wakaleta kitu wanachokiita "Evening Chic". Norwegian hawana lazima yoyote. Kaka yangu anasema twende Norwegian tumalize ubishi. Mimi naogopa Mama ataona tumempeleka hotelini tu, ila inaelea.

Waliosafiri naombeni uzoefu. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Sitaha

Binti, karibu. Kwanza tutoe vumbi: Norwegian ni jina tu, kampuni yenyewe makao yake Miami. Usije ukadhani ndio wenyeji wa fiordi.

Sasa mavazi. Norwegian ndio walioanza kuvunja huu utaratibu mwaka 2000 na mtindo wao wa "Freestyle": hakuna saa moja ya chakula, hakuna meza moja na wageni walewale kila siku, hakuna usiku wa suti. Wengine walicheka, halafu mmoja mmoja wakafuata. Na sababu si kwamba watu wamekuwa wavivu. Zamani meli ilikuwa na ukumbi mmoja mkubwa wa chakula na zamu mbili, kila mtu anakuona ukiingia. Leo meli moja ina migahawa kumi na kitu, na utamvalisha nani tai kwenye pizza? Halafu abiria wengi wanafika bandarini kwa ndege, na ndege inakupa kilo 23. Suti, viatu vya ngozi na gauni refu vinakula nusu ya begi.

Kwa wazee wenu wanaotokea Reading hilo la begi haliwahusu. Mtawapeleka Southampton kwa gari, wabebe hata kabati.

Farida_Muscat

Shikamoo Mzee wa Sitaha. Nami niongeze kuhusu Baba, maana naona mnazungumza kama vile kanzu ni tatizo la kutatuliwa.

Kwenye sheria za Cunard za usiku wa gala, ukisoma mpaka mwisho, vazi rasmi la taifa linakubalika sawasawa na suti nyeusi. Waskoti wanapanda na sketi zao na hakuna anayewauliza. Kanzu nyeupe safi iliyopigwa pasi, koti jeusi juu, kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, viatu vya kufunika: huyo mzee atakuwa amependeza kuliko nusu ya ukumbi. Sisi huku kwenye meli za MSC zinazotoka Dubai, wanaume wanaingia usiku wa gala na dishdasha na kilemba, na mpiga picha anawakimbilia wao kwanza.

Asivae kanzu peke yake na ndara. Hapo ndipo watu wanaharibu.

Halafu, nje kidogo ya mada: kama wazee wanajisikia vibaya kukaa palipojaa pombe kila kona, kuna meli ya AROYA ya Wasaudia, ilianza Desemba 2024 kutokea Jeddah, haina pombe kabisa. Ila huko hakuna fiordi.

KijanaWaBar_Mtwapa

Niliyafanya haya kama kazi, nilikuwa mhudumu wa chakula kwenye meli (kampuni siitaji). Naomba mjue upande wetu kidogo.

Kanuni ya mavazi imeandikwa na watu wa ofisini, lakini anayeisimamia ni kijana mmoja mlangoni mwenye mkataba wa miezi. Pale mlangoni tulikuwa na reli ya makoti ya akiba nyuma ya pazia. Makoti yalikuwa ya saizi mbili: kubwa, na kubwa zaidi. Anakuja mtu na kaptura usiku wa gala, mkewe ameshavaa gauni linalong'aa, unamwambia kwa adabu, "Bwana, naomba nikusaidie koti." Koti juu, kaptura chini. Anakataa, anaita mkubwa wangu. Mkubwa anatabasamu anamruhusu. Mwisho wa safari yule bwana anajaza fomu ya maoni: huduma mbaya mlangoni. Na aliyevaa suti naye anajaza: mbona mliruhusu kaptura? Zote mbili zinaangukia kwangu.

Kwa hiyo mimi kampuni ikilegeza naunga mkono, basi iseme wazi. Kibaya kuliko vyote ni ile ya katikati, "tunapendekeza". Pendekezo ndilo linaloleta ugomvi.

Suti_Nyeusi

Mimi napingana na wengi. Mkiondoa usiku wa gala mnaondoa sababu ya kupanda meli ya namna hii. Hoteli za kuvalia jinzi ziko kila mahali. Cunard wanauza hiyo hiyo: ukumbi wa dansi wa Queens Room, bendi ya moja kwa moja, watu wanacheza waltz, na usiku mwingine wanawapangia rangi kabisa, kwa mfano nyeusi na nyeupe, au wanaweka usiku wa vinyago vya uso. Mtu asiyetaka asinunue. Mbona harusini hatubishani?

Mzee_wa_Sitaha

Harusini tunabishana sana tu, ila kwenye kamati 😄

Da_Neema_Toronto

Suti Nyeusi, sikubishii kuhusu Cunard, ila meli nyingi si Cunard. Sisi tulienda Alaska na kampuni ya Holland America. Waliacha kuuita usiku "rasmi" mwaka 2015, wakaita gala. Mezani kwetu kulikuwa na mama mmoja wa lulu na mwanaume wa sweta ya sufu, wamekaa bega kwa bega wanazungumzia nyangumi. Hakuna aliyekufa.

Fiordi ni hivyo hivyo. Mchana kutwa uko nje kwenye sitaha na koti la mvua, jioni mwanga haushuki, saa tatu usiku bado mchana. Watu wanakatisha chakula kukimbilia dirishani. Ukiwa na gauni la kuburuta utaliona tatizo ukishafika mlango wa nje na upepo wake.

Na mambo ya viza msiyaache. Norway iko ndani ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja), kwa hiyo kama wazee wana pasipoti za Tanzania wanahitaji viza hiyo hata wakishuka saa chache tu, na hakikisheni viza yao ya Uingereza inawaruhusu kuingia tena. Nguo zitapatikana, viza haishonwi.

Mjukuu_wa_Karanja

Huu uzi umenigusa kwa sababu nyingine. Babu yangu alisafiri Mombasa kwenda Bombay kwa meli ya Karanja ya kampuni ya British India, zile zilizofanya safari hapa kwetu mpaka miaka ya sabini. Alikuwa abiria wa sitaha. Wao walitandika mikeka. Juu yao, daraja la kwanza, watu walivaa kwa ajili ya chakula cha jioni. Nguo ilikuwa ukuta, na kila mtu alijua yuko upande gani.

Kwa hiyo nilipoanza kusikia meli zinalegeza mavazi nilifurahi, nikasema ukuta umeanguka. Halafu nikapanda mwenyewe nikaangalia vizuri. Mavazi yamelegea, lakini milango imeongezeka. MSC wana Yacht Club, Norwegian wana The Haven, ndani ya meli hiyo hiyo kuna sehemu yenye mgahawa wake, bwawa lake na mlango wa kadi. Kwenye Norwegian unaweza kuvaa jinzi popote, ila haupiti The Haven hata ukivaa taji. Cunard nao, msidanganyike na vinyago, wana migahawa ya Grills kwa wenye vyumba vya ghali.

Lakini usiku wa gala, pale Queens Room, aliyelala chumba cha ndani kisicho na dirisha na aliyelala kwenye makazi ya ghorofa mbili wamevaa suti nyeusi ileile. Huwezi kuwatofautisha. Suti ya mtumba ya pauni thelathini inamaliza kazi. Ajabu yake ndiyo hiyo: ile nguo iliyomtenga babu yangu ndiyo leo inawachanganya watu, na ruhusa ya kuvaa upendavyo imekuja pamoja na vyumba usivyoruhusiwa kuingia.

Sisemi mrudishe suti kila usiku. Nasema mkilinganisha kampuni, msitazame kanuni ya nguo peke yake. Ulizeni: usiku huo, asiyevaa anakwenda wapi?

Suti_Nyeusi

@Mjukuu hiyo ya mtumba nimeikubali. Yangu ilitoka duka la hisani la wagonjwa wa moyo, na bado inanikaa.

BintiTanga_Reading

Mjukuu, hilo swali lako ndilo tulikuwa hatujalijua. Nani ana majibu kwa kila kampuni?

Mzee_wa_Sitaha

Nitajaribu.

Cunard: usiku wa kawaida, kuanzia saa kumi na mbili jioni, mwanaume shati lenye kola na suruali inatosha, koti ni hiari, tai hakuna. Usiku wa gala, ambao kwa safari ya usiku 7 kwa kawaida ni mara mbili, asiyevaa anabaki na baa ya Golden Lion, kasino na bufee (Queen Anne wanaiita Artisans' Foodhall). Chakula kizuri tu. Lakini mgahawa mkuu na dansi amevikosa, na hivyo ndivyo alivyovilipia.

P&O: usiku wa sherehe watu bado wanavaa, Waingereza wa makamo hasa, wengine na tai za kipepeo. Iona ni meli kubwa mno, abiria zaidi ya elfu tano, sehemu za kula ni nyingi. Asiyetaka hata haonekani.

Celebrity: Evening Chic ni suruali nzuri na shati, hata jinzi nadhifu isiyochanika. Koti ukipenda. Hakuna wa kujificha kwa sababu hakuna wa kufukuzwa.

Norwegian: wapo wachache wanaopendeza kwa raha zao. Mgahawa kama Le Bistro wanataka suruali ndefu kwa wanaume jioni, basi.

Ukiniuliza mimi, kwa Mama huyo uliyemwelezea, Norwegian itoe. Atavaa, atashuka ngazi, atajikuta peke yake. Mtu aliyependeza anataka wenzake.

Farida_Muscat

Hapo kwa Mama ndipo mlipopasahau kabisa, mnazungumzia tai tu. Mwanamke wa kwetu ana bahati: gauni refu la kitenge lililoshonwa vizuri ni gala, buibui la kutariziwa ni gala, dera la hariri na mtandio, gala pia. Hana haja ya kununua chochote London.

Kaka_Mkubwa_Tanga

Mimi ndiye kaka anayesemwa hapo juu. Nimesoma yote. Nimempigia Baba nikamuuliza bila kumweleza kwa nini: ukialikwa mahali pa heshima wazungu watupu wamevaa suti, utavaa nini? Akaniuliza, "Mwaliko ni wa saa ngapi?" Nikasema jioni. "Kanzu na lile koti la Idi." Akakata simu.

Kwa hiyo Norwegian nimeondoa jina. Imebaki Cunard na P&O. P&O ni nafuu kwetu kwa tarehe tunazozitaka, Cunard Mama ataringa nayo mpaka Pongwe.

BintiTanga_Reading

Kaka 😂 umeongea leo.

Basi tunaelekea Cunard, kama viza zitatoka mapema. Swali la mwisho: kanzu nyeupe ikitoka kwenye begi inakuwa na mikunjo. Chumbani naweza kuwawekea pasi ndogo ya safari?

KijanaWaBar_Mtwapa

Pasi usiweke, dada. Wanachukua pale pale kwenye ukaguzi wa mizigo, hofu ya moto, utarudishiwa mwisho wa safari. Cunard wana vyumba vya kufulia vya abiria, mashine na pasi humo ndani, bure. Kasoro ni foleni. Siku ya gala kuanzia saa kumi jioni utakuta akina mama wanne na gauni mkononi hawataki hata kutazamana. Mwambie Mama aende asubuhi watu wakiwa kwenye chai, au siku meli iko bandarini wengi wameshuka. Na usiku wa kwanza na wa mwisho asijisumbue, hakuna gala siku hizo. Usiku wa mwisho mabegi yanatolewa nje ya mlango yachukuliwe, kwa hiyo aache nje ya begi nguo za kushukia asubuhi. Kila safari kuna mtu anashuka na vazi la kulalia na koti juu.