Gumzo la ukoo: -nge- ya Kihispania

Zuhura: Shikamooni. Kesho nakabidhi zoezi la Kihispania, mada ni condicional, yaani -nge- yao. "Ningekuwa na pesa, ningenunua kitabu" nimeandika: Si tendría dinero, compraría un libro. Iko sawa?

Shangazi Mwanaisha: Marahaba mwanangu. Compraría ni sahihi, tendría hapo hapana. Sisi -nge- tunaiweka pande zote mbili. Mhispania anaiweka kwenye matokeo tu. Baada ya si ("kama") ya sharti inakuja tuviera, umbo jingine la tener, "kuwa na": Si tuviera dinero, compraría un libro.

Mjomba Hamisi: Kaskazini mwa Uhispania, kule Navarra, La Rioja na Burgos, utawasikia wenyeji nao wakisema "si tendría". Ni mazungumzo ya nyumbani hayo. Kwenye maandishi linahesabiwa kosa.

Zuhura: Nimeelewa. Mwenzangu yeye ameandika compría, anasema -ar inaondolewa kwanza.

Shangazi Mwanaisha: Mwambie asiondoe chochote! Kamzoea compro, compras, ambako -ar inatoka. Huku unachukua neno zima kama lilivyo kwenye kamusi, comprar (kununua), unapachika mwishoni: compraría, comprarías, compraría, compraríamos, compraríais, comprarían. Na comer (kula) na vivir (kuishi) ni vilevile, comería, viviría. Viishio ni hivyo hivyo kwa vitenzi vyote.

Mjomba Hamisi: Compría haina maana, kwa hiyo mwalimu ataiona mara moja. Hatari iko kwenye comer. Ukiondoa -er unapata comía, na hilo ni neno halali: "nilikuwa nakula". Hakuna atakayekushtua, ila maana imeshageuka. Ile -er- ya katikati ndiyo inayobeba -nge-.

Mjomba Hamisi: Asili ya viishio hivyo ni había, ya kitenzi haber. Iliwekwa nyuma ya kitenzi kizima, ikafupika ikawa ía, mwisho vikagandana. Ndiyo maana neno limebaki na -ar au -er yake.

Zuhura: Na matamshi?

Shangazi Mwanaisha: Mkazo uko kwenye í daima. Com-pra-RÍ-a itakujia yenyewe, maana Kiswahili nacho hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Shida ni nosotros (sisi): com-pra-RÍ-a-mos, mkazo uko wa tatu kutoka mwisho. Ulimi wetu unataka kusema "com-pra-ri-A-mos". Uzuie. Kijistari juu ya í usikiache katika nafsi yoyote.

Zuhura: Oír (kusikia) ina kijistari tayari. Naandika oíría?

Mjomba Hamisi: Neno moja, kijistari kimoja. Oiría. Reír (kucheka) nayo, reiría.

Kaka Bakari: Kwa wageni: badala ya quiero (nataka), sema me gustaría (ningependa), ni ya adabu zaidi. Kumuuliza mgeni: ¿Le gustaría ver la habitación? (Ungependa kuona chumba?) Halafu kumbuka yo (mimi) na usted (wewe, kwa heshima) zina umbo moja, compraría. Kama haieleweki ni nani, taja yo au usted.

Zuhura: Asante kaka. Ya pili: "Alisema atafika saa mbili asubuhi." Dijo que llegará a las dos.

Mjomba Hamisi: Makosa mawili. Kiswahili kinaiacha -ta- ilivyo baada ya "alisema". Kihispania, kama huo ujio umeshapita, kinageuza: dice (anasema) que llegará, lakini dijo (alisema) que llegaría. Pili, saa mbili asubuhi yetu kwao ni las ocho. Dijo que llegaría a las ocho.

Zuhura: Na ile tendría yangu, umbo lenyewe ni kosa?

Shangazi Mwanaisha: Umbo ni sahihi, ulikosea mahali pa kuliweka. Tener ni miongoni mwa vile vichache vinavyobadili shina, pamoja na poder, hacer, decir, venir. Shina ni lile lile la wakati ujao: tendré, tendría, haré, haría. Ukijua moja umejua na la pili. Lakini ser, ir na dar, vinavyosumbua kwingine kote, hapa vimetulia: sería, iría, daría.

Zuhura: Ya mwisho basi: Si viviéramos en Sevilla, comeriamos a las tres.

Mjomba Hamisi: Viviéramos safi sana. Itazame comer tena.

Zuhura: comeríamos

Shangazi Mwanaisha: Ndiyo hiyo. Sasa isome kwa sauti, ukaze RÍ.