Tupeane uzoefu: ngazi za mitaani kwetu milimani, mlizikarabati na kuzipamba vipi?

Mwanamwangata

Wakuu, kamwene kwa walioko Iringa, na wa Mbeya ugonile.

Uzi huu ni wa ngazi. Zile za mtaani, zinazopenya kati ya nyumba na nyumba kukata mlima, hazina jina wala kibao, ila zikikatika siku moja mtaa mzima unachelewa. Iringa imekaa juu, Ruaha Mdogo unapita chini. Aliyewahi kutoka Ipogolo kwa miguu kupanda mjini ananielewa. Gari inauzunguka mlima, mwenye miguu anaukata.

Za kwetu zina vidato 64. Nilizihesabu utotoni nikitumwa dukani, na mwaka juzi nikazihesabu tena nikiwa na jembe, kwa sababu vidato 11 vilikuwa vimebaki jina tu. Kila mtu alikuwa analaumu saruji, eti fundi aliiba mifuko. Tulipochimba pembeni tukakuta zege lenyewe zima kabisa, udongo wa chini yake ndio haupo. Maji ya mabati ya nyumba mbili za juu yalikuwa yanaangukia kidato cha kwanza, yanaingia kwenye ufa, yanasafiri chini kwa chini kila msimu wa mvua. Ukigonga kidato kwa mpini wa jembe kinalia kama debe tupu.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza hatukununua hata kopo moja la rangi. Tulichimba mtaro ubavuni kuanzia juu hadi chini, tukaupanga mawe (Iringa mawe hatununui, Mungu alitupa ya kutosha), tukajaza matundu kwa kokoto na zege, tukamwagilia maji asubuhi na jioni wiki nzima. Watoto walikuwa wanapita wanauliza, kaka, rangi iko wapi?

Rangi ilikuja baadaye, na hapo ndipo mama yangu alipoingia. Alishuka na kikapu chake cha nyasi za milulu, akakaa kwenye kidato cha chini, akakiweka magotini. Wasichana wawili wa sekondari wakaanza kuhesabu mistari yake ya kahawia, mmoja anafuatisha kwa kidole, mwingine anaandika kwenye daftari, kisha wakaihamisha kwa kamba na chaki kwenye uso wa mbele wa kila kidato. Leo ukisimama chini ukatazama juu, ngazi nzima ni kikapu kimoja kimeegemea mlima. Ukisimama juu huoni rangi hata tone, unaona saruji tu. Hilo linanifurahisha kuliko yote: anayepanda na mzigo ndiye anayepewa picha.

Ninyi wenzangu mlifanyaje? Rangi gani ilidumu, ruhusa mliipata wapi, na ni kitu gani mnajuta? Semeni na mabaya, ndiyo yanayofundisha.

Fundi wa Isanga

Mkuu umeanza pazuri, kwenye maji. Mimi ni mpaka rangi hapa Mbeya, na sisi mlima wa Loleza uko mgongoni, mvua ikinyesha huko juu inatukuta hapa na matope yake.

Kwenye ngazi mbili nilizofanya na vijana wa mtaa nilijifunza hivi. Zege jipya usilipake haraka. Lisubiri wiki nne, maana bado lina unyevu na ukali wa saruji, rangi inavimba kisha inabanduka kama ganda la kitunguu. Zege la zamani nalo lina ule utelezi wa kijani. Usiufunike, usugue kwa brashi ya waya na maji ya sabuni mpaka uione saruji, acha likauke kweli kweli. Na msipake mwezi wa sita alfajiri kwa sababu mmejipangia hivyo. Baridi ya kwetu mnaijua, umande unakaa juu ya ukuta hadi saa nne. Sisi tulikuwa tunaanza saa tano, tunafunga makopo saa tisa.

Vipande vya marumaru vinadumu kuliko rangi yoyote. Maduka ya vifaa vya ujenzi huwa yanazo zilizovunjika njiani, ukiomba kwa heshima unapewa, wanafurahi umewapunguzia takataka. Kata, saga ncha kali, bandika uso wa mbele tu, ziba katikati kwa simenti nyeupe. Juu, pale mguu unapokanyaga, marumaru laini ni hatari. Usiweke hata kama ni nzuri namna gani.

Dada wa Kihesa

Naomba niseme yetu, ingawa inaniuma.

Mwaka 2021 tulipaka ngazi zetu kila mahali, juu na mbele, rangi ya mafuta, bluu na njano. Tulipiga picha, tukasifiwa sana. Ilikuwa mwezi wa tisa, kukavu. Mvua ya kwanza ya Novemba ilipopiga, mama anayetuletea maziwa aliteleza kidato cha nne kutoka juu akiwa na galoni kichwani. Alivunjika mkono. Maziwa yalishuka ngazi zote hadi barabarani, na bluu ile ikawa inaonekana chini yake.

Tulimchangia matibabu, na siku tatu tulikaa chini tukikwangua kwa brashi ya waya, kila aliyepaka alikwangua. Tungemuuliza fundi yeyote kabla angetuambia. Hatukuuliza kwa sababu tulidhani kupamba ni kazi ya furaha tu, haina utaalamu. Mama yule bado anapita, bado anatuletea maziwa, na mkono wake haunyooki vizuri. Nyuso za mbele tulizibakiza na rangi zake. Juu ni saruji iliyochorwa mistari kwa msumari ikiwa bado mbichi, ili iwe na makwaruzo.

Fundi wa Isanga

Pole sana dada, na ahsante kwa kutuambia. Wakuu, kama ni lazima upake panapokanyagwa, chekecha mchanga, unyunyize juu ya rangi ikiwa bado mbichi. Lakini mimi sipaki.

Binti wa Loleza

Mimi nimesomea sanaa, na ngazi ndicho kitu ninachokipenda kuliko ukuta, kwa sababu ukuta unautazama, ngazi unaziishi.

Niongeze mifano ya mbali kidogo, inatufaa. Kule Rio de Janeiro kuna ngazi za vidato 215 alizozipamba Jorge Selarón, Mchile aliyehamia Brazil. Alianza mwaka 1990 mbele ya nyumba yake mwenyewe, kwa mabaki ya vigae vya ujenzi, na aliendelea hadi alipofariki mwaka 2013. Alikuwa anabandua na kubandika upya, hakuwahi kusema imeisha. San Francisco, Marekani, kuna ngazi za vidato 163 za mtaa wa Moraga, upambaji wake ulikamilika mwaka 2005: chini bahari, juu jua na nyota. Majirani walichangia, na majina yao yakaandikwa kwenye vigae vyenye maumbo ya samaki na ndege. Wasanii walikuwa wawili, lakini majirani walifundishwa kubandika wenyewe. Hapo ndipo naona siri yake. Mtu hatupi taka juu ya kigae alichokibandika mwenyewe.

Tulipofanya ya kwetu nilitaka vipande vya vyungu vya Wakisi, vile vya Matema, Ziwa Nyasa, vinavyoletwa sokoni huku, kwa sababu kila mzigo una viwili vitatu vilivyovunjika njiani. Wauzaji walinipa bure. Ila chungu cha Kisi huchomwa kwa moto wa wazi, kinanyonya maji, na kikikanyagwa kinasagika. Kwa hiyo tuliviweka kwenye ukuta wa kuzuia udongo, ubavuni, siyo kwenye ngazi. Mabibi wakipita wanavigusa na kusema hiki kilikuwa cha ugali, hiki cha maji.

Mzee wa Mtaa

Shikamooni wakubwa, vijana marahaba.

Nimekuwa mwenyekiti wa mtaa miaka kumi, nitasema la ruhusa. Ngazi ni mali ya umma hata kama babu yako ndiye aliyezijenga. Anzeni na mkutano wa mtaa, jambo liandikwe kwenye muhtasari, watu wasaini. Muhtasari huo mpelekee mtendaji wa kata, na mhandisi wa halmashauri aje aone mtaro wenu, asije akakuta mmeyaelekeza maji kwenye msingi wa mtu. Istanbul mwaka 2013 mstaafu mmoja alipaka ngazi za mtaa wao rangi za upinde wa mvua kwa pesa zake, usiku mmoja zikapakwa kijivu, ikabidi watu wapige kelele ndipo rangi zikarudi. Sisi hatuna haja ya kufika huko.

La pili. Ngazi zetu zilipopendeza, ilikuja kampuni moja ikasema itatupa saruji mifuko 40 tukipaka zote rangi yake na nembo yake. Mkutano ulichukua saa tatu. Wapo waliosema saruji ni saruji. Mimi nilikuwa upande wao, sitaki kuficha. Mama mmoja muuza ndizi akasimama akauliza, mtoto wangu akipotea nikimwelekeza mtu kwetu, nimwambie apande tangazo? Tukakataa. Mifuko 40 hatujaipata mpaka leo, tumenunua 12 kwa kuchangishana, na vidato vya juu bado vinasubiri. Sijutii.

Mnjombe

Kwetu Njombe hatujapamba chochote ila kila Jumamosi ya kwanza tunafagia na kuzibua mtaro. Mnaruhusu hiyo nayo iwe uzoefu?

Mwanamwangata

Mkuu, hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Mtaro wetu ulizibwa na mifuko na magunzi ndani ya miezi minne. Sasa na sisi tuna zamu.

Mama Lishe wa Juu

Wanangu, mimi sijui kuchora. Napanda ngazi saa kumi na moja alfajiri na sufuria na mkaa, nashuka saa mbili usiku. Nina mtoto wa jicho, upande mmoja naona ukungu. Mnazungumzia uso wa mbele, huo unaonekana wakati wa kupanda. Kushuka je? Mimi nikishuka naona mteremko mmoja wa kijivu, sijui kidato kinaishia wapi, natafuta kwa unyayo. Kuna kijana alinipakia mstari mweupe ukingoni mwa vidato vitano vya mlangoni kwangu, upana wa vidole vitatu, akaunyunyizia mchanga. Vile vitano nashuka kama binti. Vingine vyote nashuka kwa kukaa.

Mwanamwangata

Shikamoo mama. Nimekusoma mara mbili, kisha nikamsomea mama yangu. Sisi tulijisifu kwamba ukisimama juu huoni rangi, na hatukumwuliza hata mmoja anayeshuka usiku.

Fundi amenitumia ujumbe pembeni, atakuja Iringa wiki ijayo kwa shughuli zake, atatuonyesha namna ya kuchanganya mchanga. Jumamosi tunaanza kutoka juu. Niliogopa mstari mweupe utaharibu mchoro, nikamwuliza mama. Amesema kikapu chetu kilikuwa hakijaisha, kilikosa ukingo.