Mrejesho: ΔU (badiliko la nishati ya ndani) ya gesi kamilifu kwenye kanieneo isiyobadilika

Niliuliza kwa nini ΔU ya heli inayopashwa moto chini ya pistoni inakokotolewa kwa Cv (joto la kupandisha moli moja kwa 1 K ujazo usipobadilika) ilhali ujazo unabadilika. Ahsanteni sana, limeeleweka. Chembe za gesi kamilifu hazivutani, kwa hiyo nishati ya ndani hufuata jotoridi peke yake, gesi ipite njia yoyote ile. Moli 2 kutoka 300 K hadi 350 K, Cv ikiwa 1.5R na R (namba thabiti ya gesi) ikiwa 8.314 J/(mol·K):

ΔU = 2 × 1.5 × 8.314 × 50 = 1,247.1 J

Joto lililoingia, kwa Cp (joto kama la Cv, ila kanieneo ndiyo isiyobadilika; hapa 2.5R), ni 2,078.5 J. Zile 831.4 J zilizozidi ndiyo kazi ya kuisukuma pistoni. Kosa langu lilikuwa kuweka Cp kwenye ΔU, yaani kuihesabu kazi hiyo kana kwamba imebaki ndani ya gesi. Angalieni pia: 1.5 ni ya gesi za atomu moja tu. Naitrojeni hapo huchukua 2.5.