Jim Reeves alikufa mwaka gani hasa? Tumewekeana kahawa za wiki nzima

Kijana_wa_Barabara_ya_12
Wakubwa shikamooni. Jana baada ya Isha, kijiweni kwetu hapa Ngamiani, palichafuka. Mjomba mmoja ana kaseti ya marehemu kaka yake, kava limefifia hata picha huioni vizuri. Anaapa Jim Reeves, yule mwimbaji wa country wa Marekani, alikuwa hai mpaka karibu miaka ya 80, kwa sababu humo anaimba na mwanamke na nyuma pameandikwa 1979. "Maiti haiimbi!" Mimi tangu utoto nasikia alikufa kwa ndege 1964. Nani mkweli?

FundiSpika_Chumbageni
Marahaba. Mjomba aandae hela, lakini msimcheke, kaseti yake haidanganyi.

Jim alikufa 31 Julai 1964. Ndege ndogo, anairusha mwenyewe, akaingia kwenye mvua ya radi karibu na Nashville. Alikuwa na mpiga piano wake, Dean Manuel. Walitafutwa siku mbili ndipo wakaonekana. Zilibaki wiki tatu tu atimize miaka 41.

Huyo mwanamke ni Deborah Allen. Jim anakufa, yeye ni mtoto wa miaka 10! Hawakuwahi kusimama studio moja. Iko hivi: mkanda wa studio una njia zaidi ya moja, sauti huku, vyombo kule. Ukiwa na sauti ya Jim peke yake, unaweka pembeni magitaa ya zamani, unaita wapigaji wapya, na binti anaimba juu yake. Mwaka 1981 wakafanya kubwa zaidi, wakamuunganisha na mwimbaji mwenzake Patsy Cline, naye aliyekufa kwa ndege Machi 1963. Marehemu wawili wimbo mmoja. Mjomba angeipata hiyo tusingelala.

Kanda za Jim alizishika mjane wake, Mary, akawa anazitoa kidogo kidogo. "Distant Drums" iliongoza Uingereza wiki 5 mwaka 1966, mwenyewe yuko kaburini Texas miaka miwili.

Na si kila sauti inakubali kazi hiyo. Sikiliza "Mexican Joe" ya 1953, anapaza kama wenzake. Halafu weka "Four Walls" ya 1957: kasogeza mdomo karibu uguse maiki, anasema nawe sikioni. Mimi naona ni kwa sababu alikuwa mtangazaji wa redio, Texas na Louisiana, baada ya kuumia akaacha besiboli. Mtu wa redio anajua maiki haipigiwi kelele.

Nikishabadilisha koni ya spika, kaseti ya kupimia ni yake. Taarabu inaficha makosa, vyombo vingi. Kwa Jim, nikisikia anavuta pumzi kabla ya mstari, namwita mteja aje achukue mali yake.

BintiMakorora
Baba yangu Krismasi haianzi mpaka Jim aimbe, na majirani zetu Waislamu wanazijua zote kwa kichwa 😂 Fundi, huku Afrika alifika?

FundiSpika_Chumbageni
Alifika Afrika Kusini 1962, mwaka uliofuata ikatoka filamu yake, "Kimberley Jim". Akaimba hata Kiafrikaana.

Mkwakwani_Juu
Wote mnamsifia Jim, Don Williams, naye wa country, mmemsahau. Huyo aliimba Harare 1997, mzima, si mkanda.

FundiSpika_Chumbageni
Mkuu, fungua uzi wako.

Kijana_wa_Barabara_ya_12
Nimemsomea Mjomba yote. Kanyamaza, kaigeuza kaseti upande wa pili, kaniambia nimrudie hapo pa yule mtoto wa miaka 10. Kahawa atalipa. Kashata anasema hazikuwemo kwenye makubaliano.