Kufunga vipochi kwenye begi na vesti: kanda za kusuka, klipu, kebo tai au velkro?

HudumaLikoni
Hamjambo wenzangu. Najitolea huduma ya kwanza, na siku nyingi navuka feri na begi la lita 35 lenye safu za kanda za MOLLE (mfumo wa kufungia vipochi nje ya begi au vesti) mgongoni na ubavuni. Juzi tukishuka, watu wamebanana, kipochi changu cha bendeji kikanaswa na mkokoteni wa mzigo. Klipu mbili kati ya tatu zikaachia. Kikabaki chaning'inia, zipu ikafunguka, glavu na mkasi vikamwagika miguuni mwa watu. Mkasi niliuokota, glavu zilikanyagwa zote. Lau ningekuwa nakimbilia mtu anayevuja damu, ningefika mikono mitupu, na hilo limeninyima raha tangu siku hiyo.

Klipu zenyewe ni za plastiki, nilizinunua kando ya barabara. Nimeona njia nne: kanda zilizoshonwa kwenye kipochi zenye kifungo cha kubonyeza, klipu ndefu, kebo tai (vile vikanda vya plastiki vya kukaza mara moja), na velkro. Ipi yadumu? Picha zote ninazoziona ni za vitu vipya, hakuna anayeonyesha baada ya mwaka.

Fundi_Kongowea
Pole sana. Nashona mabegi, na hili naletewa mara kwa mara. Kabla hujalaumu klipu, chukua rula. Kanda za begi zatakiwa ziwe na upana wa milimita 25, nafasi kati ya safu moja na nyingine iwe 25 vilevile, na mishono inayozigawa iwe kila milimita 38. Vipimo hivyo ndivyo vinavyofanya kipochi kilichotengenezwa China kikae kwenye begi lililotengenezwa Marekani. Mabegi mengi ya bei nafuu yana kanda za pambo tu: mishono imeachana, kanda imelegea, kipochi chacheza kama jino bovu.

Cha pili ni kusuka, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanachukua ukanda wa kipochi, wanaupitisha nyuma ya safu zote za begi moja kwa moja hadi chini, wanabonyeza kifungo, basi. Ukikitazama kimefungwa. Ukitia chupa ya maji, chainama mbele chote, kwa sababu katikati hakijashikwa na chochote.

Fanya hivi. Weka kipochi juu ya begi, safu za mgongo wa kipochi zikae kwenye zile nafasi kati ya safu za begi. Pitisha ukanda chini ya safu ya kwanza ya begi, kisha chini ya safu ya kipochi, rudi kwenye begi, rudi kwenye kipochi, mpaka mwisho. Kanda zote mbili ziteremke pamoja hatua kwa hatua. Ukimaliza mmoja kwanza, wa pili hautapita. Kama pamebana, tumia mpini wa kijiko kuusukuma. Ukimaliza, hupaswi kuweza kuingiza kidole kati ya kipochi na begi.

BodaMikindani
Mimi kebo tai. Kipochi cha spana na plagi nimekifunga kwenye begi kwa kebo tai nyeusi, mwaka wa pili sasa. Zile nyeupe usiziguse, jua la huku lazikausha zinakatika kama biskuti.

Fundi_Kongowea
@BodaMikindani zashika, sikatai, hasa kwa kipochi usichokitoa kamwe. Lakini ile ncha uliyoikata yachana kitambaa polepole. Ikate sawasawa na kichwa kabisa, ukigeuzie kipochini, si upande wa begi. Na ukitaka kuhamisha lazima ukate, ununue nyingine.

Mzamiaji_Nyali
Jambo ambalo wa bara hawatakwambia: chumvi. Vifungo vya kubonyeza vya chuma, kwetu pwani, vinashika kutu kutoka ndani. Juu vyang'aa, siku unataka kufungua, kichwa chang'oka na kitambaa. Kama waweza kuchagua, chukua vya shaba nyeupe au shaba nyekundu. Na kila ukitoka baharini au mvuani, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, uache vifungo wazi vikauke.

Kwa sababu hiyo mimi nilihamia klipu. Si zile za barabarani. Klipu kama MALICE za Tactical Tailor ni plastiki tupu, ndefu, nazo zasukwa vilevile kama ukanda. Ikishajifunga mdomoni, huifungui kwa kidole, wataka bisibisi bapa. Mkokoteni hauwezi kuifungua. Sina chuma hata kimoja kwenye begi langu la kazi isipokuwa vichwa vya zipu.

Velkro nayo mchanga waiua. Ndani ya begi sawa, nje hapana.

ZamuYaUsiku
Niongeze kidogo upande wa vesti ya kubebea vipochi, maana ninaivaa kwa muda wa saa kumi na mbili kila zamu. Kipochi kizito kikae chini karibu na kiuno na karibu na mwili. Kila kinachosimama mbali na kifua chavuta mabega, asubuhi shingo yauma. Cha bendeji weka pale ambapo mikono yote miwili yafika, kulia na kushoto, kwa sababu hujui mkono upi utaumia.

Na wale vijana wanaonunua mitumba: msichukue rangi za madoadoa ya jeshi hata kama bei ni nzuri. Kenya raia akivaa mavazi yanayofanana na ya kijeshi anakamatwa. Nyeusi, kijivu au kahawia tupu zatosha.

Mpanda_Taita
Kwa wanaouliza haya yalitoka wapi: MOLLE ni ya jeshi la Marekani, ilianza 1997, nazo zile safu za kanda zinaitwa PALS. Kabla yake walikuwa na ALICE, ya miaka ya 1970, vipochi vikining'inizwa mkandani kwa klipu za chuma. Vilikuwa vikiteleza na kumgonga mtu nyongani kila hatua. Kusuka ndiko kuliondoa kule kuteleza, kwa hiyo anayetumia MOLLE bila kusuka amerudi miaka ya 1970.

HudumaLikoni
Ahsanteni nyote. Nimepima jana usiku. Mishono ya mgongoni iko kila milimita 38 sawa, ila ya ubavuni iko kila 45, na kipochi kilikuwa ubavuni! Hapo ndipo klipu zilipokuwa zikicheza. Nimekihamishia mgongoni, nikasuka kanda zote mbili kwa mpini wa kijiko kama alivyoeleza fundi. Nusu saa nzima, na kucha moja imevunjika. Kisha nikalishika begi kwa kipochi peke yake, likiwa limejaa, nikalitikisa. Kipochi hakikusogea.

Vifungo ni vya chuma, kwa hiyo natafuta klipu za bisibisi. Fundi, waweza kunishonea mishono ya ubavuni iwe kila 38?

Fundi_Kongowea
Nawezaje kukataa? Mishono ya zamani tutaifumua, tushone upya kwa uzi wa nailoni. Lilete Jumatano asubuhi, uje na kipochi chenyewe tupimie hapo hapo. Uzi wa pamba usikubali kwa fundi yeyote, huoza kwa jasho.