Mjadala: Katika tenisi ya wanawake, fohendi au bekihendi ndiyo yenye uzito zaidi?

Mleta hoja

Naomba tulijadili kwa utulivu swali linalozuka kila yanapofanyika mashindano makuu ya tenisi: kwa mchezaji mwanamke, lipi lina uzito zaidi, fohendi au bekihendi? Kwa asiyeuzoea mchezo huu, fohendi ni pigo la upande wa mkono ulioshika raketi, kiganja kikielekea mpira; bekihendi ni la upande wa pili, ambako mgongo wa mkono ndio unaotangulia, na wachezaji wengi wa leo hulipiga kwa mikono miwili.

Rai iliyozoeleka ni kwamba wanaume huishi kwa fohendi na wanawake kwa bekihendi, na wanaoishikilia hawakosi sababu. Bekihendi ya mikono miwili haihitaji kuvuta raketi mbali nyuma, mkono wa pili huipa uthabiti, na mpira ukija kwa kasi mchezaji huweza kuurudisha bila maandalizi marefu. Fohendi hudai zaidi: raketi husafiri njia ndefu, mpira sharti ukutwe mbele ya mwili, na kuchelewa kidogo tu hulipeleka pigo nje au kwenye neti. Ndiyo maana katika mechi nyingi za wanawake utamwona mchezaji ambaye bekihendi yake imetulia tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali fohendi yake inaanza kutetereka seti ya tatu, yaani sehemu ya mwisho ya mechi, inapofika pagumu.

Maelezo hayo nayakubali yote, ila naona yanatupeleka kwenye hitimisho lililo kinyume cha lile linalotolewa. Tuseme kila mchezaji analazimika kuwa na upungufu upande mmoja, achague upi? Mimi nasema achague bekihendi, kwa kuwa udhaifu wa bekihendi unasitirika, na wa fohendi hausitiriki.

Shahidi wangu wa kwanza ni Steffi Graf wa Ujerumani, aliyetwaa mataji 22 ya Grand Slam, yaani yale mashindano makuu manne ya kila mwaka (Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani), ya mchezaji mmoja mmoja, na ambaye mwaka 1988 alishinda yote manne pamoja na medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul. Bekihendi yake kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kukata, ya mkono mmoja, yenye mpira unaoteleza chini chini. Pigo hilo halikuwa la kumaliza kazi. Kazi yake ilikuwa kumlazimisha mpinzani ainame na kuunyanyua mpira, kisha Graf, kwa miguu yake myepesi, aizunguke bekihendi yake mwenyewe na kuupiga mpira unaofuata kwa fohendi kutoka kona ya kushoto. Wapinzani wote walijua upande wa kuushambulia, na kwa miaka mingi kujua kwao hakukuwafaa kitu. Ashleigh Barty wa Australia alifuata njia inayofanana na hiyo alipotwaa taji la nyumbani kwao Januari 2022 bila kupoteza hata seti moja: bekihendi ya kukata kwa kuvunja mwendo wa mpinzani, fohendi kwa kuhitimisha.

Sasa geuza hali hiyo. Mchezaji mwenye fohendi dhaifu atajificha wapi? Fohendi ya kukata ipo, lakini hutumika kwa kujiokoa tu, na anayeitegemea hujikuta akikimbizwa pembeni hadi pembeni. Kuizunguka fohendi ili apige bekihendi kutamtoa nje ya kiwanja upande wa kulia, na upande mzima wa kushoto utabaki wazi. Hana sitara. Tumelishuhudia jambo hili kwa Coco Gauff wa Marekani, ambaye bekihendi yake ni miongoni mwa zilizo bora duniani, na ambaye kila mpinzani huingia kiwanjani akiwa na mpango uleule: mpira upelekwe kwenye fohendi, kwa kasi, tena na tena.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba fohendi ndiyo inayowatenganisha wachezaji wa kike, na kwamba inawatenganisha kwa sababu hiyohiyo ya kuwa ngumu kuidhibiti. Nakaribisha wenye mawazo tofauti.

Mchangiaji wa kwanza

Nakushukuru kwa hoja iliyopangwa vizuri, lakini naona umewaita mashahidi wanaoweza kuhojiwa.

Nianze na Graf. Hujamtaja Monica Seles, na bila Seles picha ya miaka ile haikamiliki. Seles alikuwa mashoto, tena alipiga pande zote mbili kwa mikono miwili, na mpira wake wa kimshazari, unaokatiza kiwanja kutoka kona hadi kona, uliangukia moja kwa moja kwenye bekihendi ya Graf. Alimshinda Graf katika fainali ya Roland Garros, mashindano makuu ya Ufaransa yanayochezwa kwenye udongo, mwaka 1990, akamshinda tena hapohapo mwaka 1992 kwa 6-2, 3-6, 10-8, kisha katika fainali ya Australia, Januari 1993, kwa 4-6, 6-3, 6-2. Ile sitara unayoisifu ilifunuliwa mara tatu mbele ya dunia nzima. Aprili mwaka huohuo Seles alichomwa kisu na mtazamaji akiwa kiwanjani Hamburg, akatoka mchezoni kwa zaidi ya miaka miwili. Sisemi kwamba mataji ya Graf ya baadaye hayana thamani. Alikuwa bingwa mkubwa kabla na baada. Nasema tu kwamba mtu pekee aliyekuwa na silaha ya kuufichua udhaifu ule aliondolewa kwa nguvu, kwa hiyo si sawa kuufanya ushindi wa Graf uthibitisho kwamba bekihendi pungufu haina gharama.

Pili, kuizunguka bekihendi kunahitaji muda, na muda huo haupo tena. Mpira wa wapigaji wenye nguvu wa leo, kama Aryna Sabalenka au Elena Rybakina, haukupi nafasi ya kuchagua pigo unalolipenda. Unapiga kwa upande ulioufikia. Tazama wanaotwaa mataji siku hizi, useme ni nani kati yao anayeficha bekihendi. Iga Świątek wa Poland anasifiwa kwa fohendi yake yenye mzunguko mzito, unaoufanya mpira uruke juu ukigonga chini, na anastahili, lakini bekihendi yake ya kando ya mstari imewamaliza wengi. Sabalenka naye hana upande wa kuomba huruma. Barty ndiye wa pekee katika miaka ya karibuni, na upekee wake usigeuzwe kanuni.

Tatu, Gauff uliyemleta kama ushahidi wako ni ushahidi wangu. Mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 19, alitwaa taji la Marekani, na mwaka 2025 akatwaa la Roland Garros kwa 6-7, 6-2, 6-4. Fainali zote mbili alimshinda Sabalenka, mwenye fohendi nzito pengine kuliko zote za leo, na katika ile ya Paris, siku yenye upepo mkali, Sabalenka alifanya makosa 70 ya kujitakia dhidi ya 30 ya Gauff. Mwenye fohendi dhaifu anao mataji mawili makubwa. Je, unaweza kunitajia bingwa wa leo mwenye bekihendi dhaifu kwa kiwango hicho?

Mchangiaji wa pili, kocha wa watoto, Nairobi

Nitasema kwa ufupi, na kutoka upande wa ufundishaji. Mtoto wa miaka saba hana nguvu ya kuibeba raketi kwa mkono mmoja upande wa bekihendi, kwa hiyo huishika kwa miwili bila kuambiwa. Hivyo ndivyo alivyoanza Chris Evert akiwa mdogo, akifundishwa na baba yake huko Florida, na akabaki hivyo hadi mataji 18 ya Grand Slam. Matokeo yake ni kwamba bekihendi ya mtoto hukua ikiwa na umbo sahihi, ilhali fohendi hukua na kasoro ambazo hatuzioni mapema kwa kuwa mpira bado unaingia. Akifika miaka kumi na minne, mpira wa wapinzani unakuwa na kasi, na kasoro zile zinajitokeza wakati mkono umekwisha kuzizoea.

Kwetu Nairobi, katika mwinuko wa mita 1,700 hivi ambako hewa nyepesi huufanya mpira uruke mbali zaidi, fohendi bapa isiyo na mzunguko inaadhibiwa haraka sana. Tangu Angella Okutoyi wa Kenya atwae taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, wazazi wanaotuletea mabinti huuliza tuanze na nini. Jibu langu ni fohendi, na saa nyingi za mazoezi nazielekeza huko, si kwa sababu ni pigo bora bali kwa sababu ndilo linaloharibika.

Mleta hoja

Mwalimu, umelieleza kwa sentensi chache jambo nililolizungukia.

Kwa ndugu yangu mchangiaji wa kwanza: swali la Seles ni zito na sikulitaja kwa kuwa nilijua lingeletwa. Lakini tazama tarehe. Fainali ile ya Roland Garros ya 6-2, 3-6, 10-8 ilichezwa Juni 1992. Mwezi uliofuata walikutana tena katika fainali ya Wimbledon, na Graf alishinda kwa 6-2, 6-1. Wachezaji walewale, mapigo yaleyale, wiki chache tu katikati. Kilichobadilika ni kiwanja. Kwenye udongo mpira wa Graf wa kukata ulinyanyuka ukamfikia Seles kiunoni. Kwenye nyasi uliteleza na kubaki chini, mahali ambapo mikono miwili haifiki kwa raha. Kwa hiyo Seles hakuifunua bekihendi ya Graf kila mahali, bali pale ambapo mpira uliruka kwa namna iliyomfaa. Tena nakukumbusha kwamba silaha ya Seles unayoisifu, yaani ule mpira wa kimshazari ulioiendea bekihendi ya Graf, ilikuwa fohendi yake.

Kuhusu Gauff, nakubali mataji yake mawili, na nisingependa kumpunguzia heshima. Hata hivyo tujiulize ameyatwaaje. Ameyatwaa kwa miguu: kwa kuurudisha mpira mmoja zaidi hadi mwenzake akose subira. Makosa 70 ya Sabalenka yanatueleza kwamba hata siku hiyo mechi iliamuliwa na upande uliokuwa ukiporomoka. Kipaji cha kukimbia kama Gauff ni adimu mno. Huwezi kukifanya mpango wa mazoezi ya mchezaji wa kawaida.

Mchangiaji wa tatu

Naona wote mnazungumzia mpira ukiwa tayari unachezwa, na mmeisahau sevu, yaani pigo la kuanzishia mpira, ambalo ukilikosa la kwanza unapewa la pili. Katika tenisi ya wanawake sevu ya pili mara nyingi ni ya polepole kuliko ilivyo kwa wanaume, na anayeipokea huishambulia badala ya kuirudisha tu. Hapo bekihendi ya mikono miwili, kwa kuwa haihitaji kuvuta raketi mbali, inageuka kuwa silaha ya kwanza ya mechi. Victoria Azarenka, bingwa wa Australia mwaka 2012 na 2013, alijijenga kwa namna hiyo: mpinzani hakuwa na mahali salama pa kupeleka sevu ya pili. Kama gemu nyingi huvunjwa, yaani hutwaliwa na anayeipokea sevu, pigo linalozivunja haliwezi kuitwa la pili kwa umuhimu.

Niongeze jambo moja kuhusu mapigo mazuri na viwanja. Mwaka 2025 Świątek alimshinda Amanda Anisimova katika fainali ya Wimbledon kwa 6-0, 6-0, matokeo ambayo hayakuwa yameonekana katika fainali ya wanawake hapo tangu mwaka 1911. Anisimova ana bekihendi inayohesabiwa miongoni mwa kali zaidi, na siku ile haikumsaidia. Chini ya miezi miwili baadaye, New York, katika robo fainali, Anisimova huyohuyo alimshinda Świątek kwa 6-4, 6-3, akizishambulia sevu zake za pili bila kuchoka. Mapigo yao hayakubadilika katika wiki zile. Kwa hiyo mimi nina mashaka na kila hukumu inayotegemea fainali moja, ikiwamo ile ya Juni 1992 na ile ya Julai.

Mchangiaji wa kwanza

Nadhani sasa tumefika mahali tunapotofautiana kwa kweli, na si juu ya mchezaji huyu au yule. Mleta hoja anaita pigo muhimu lile linalowatofautisha wachezaji. Mimi naita muhimu lile ambalo ukilikosa huingii kabisa mlangoni. Kati ya wanawake 100 wa kwanza duniani karibu kila mmoja ana bekihendi ya kutegemewa, na kwa hiyo haituonyeshi nani atamshinda nani. Lakini hiyo ni kwa sababu wasiokuwa nayo walikwisha kuondolewa zamani, katika mashindano madogo ambayo hakuna anayeyatazama. Ukiwapima waliosalia tu, fohendi itaonekana kubwa daima. Ukiwahesabu na waliotoka, sina hakika.

Mleta hoja

Hapo umenibana, na nitajibu sehemu moja tu. Hao walioondolewa mapema, ikiwa Mwalimu wa Nairobi yuko sahihi, wengi wao hawakuangushwa na bekihendi. Walifika miaka kumi na minne na fohendi ambayo mpira wa kasi uliivunja. Ningependa yeye, na makocha wengine wanaowaona mabinti kabla hawajajulikana, watueleze ni upande upi walioanza kuupoteza.